Giaboksi Inapovuja Kwenye Paipu za Rejeta

Magonjwa mengi ya giaboksi ya otomatiki yako ndani. Kuyafikia lazima giaboksi nzima ishushwe, ifunguliwe mezani, na mwenye gari aanze kuuliza watu bei ya giaboksi iliyotumika. Lipo moja lililo nje kabisa, linaloonekana kwa macho na kutibika kwa spana chache, hozi na klipu: kuvuja kwa zile paipu mbili zinazopeleka oili ya giaboksi kwenye rejeta ikapoe na kuirudisha. Wenye magari ya zamani wengi hulikabili kwa kuongeza oili. Wanaongeza nusu lita wiki hii, nusu lita wiki mbili zijazo, hadi siku gari linapowekwa kwenye D likanguruma bila kusogea. Naandika kukushawishi uache kuongeza. Paipu itengenezwe, tena kwa namna ambayo haitakurudisha gereji baada ya miezi miwili.

Tuanze na kazi ya paipu hizo, maana ukiielewa utajua kwa nini haraka inahitajika. Ndani ya giaboksi ya otomatiki, nguvu ya injini hupitia torki konveta, ambamo oili ndiyo inayosukuma. Oili ikisukumana hivyo hupata joto, hasa kwenye foleni na kwenye milima. Joto lake likiwa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi, mambo ni mazuri. Kanuni ambayo mafundi huitegemea ni kwamba kila joto likizidi hapo kwa nyuzi 10 hivi, umri wa oili hupungua karibu nusu. Kwa hiyo pampu ya giaboksi huisukuma oili hadi kwenye chumba chembamba kilichofichwa ndani ya tenki la rejeta, ambako imezungukwa na maji ya rejeta bila kugusana nayo, kisha inarudi. Pampu hiyo hufanya kazi muda wote injini inapowaka, hata lever ikiwa kwenye P.

Hilo la mwisho ndilo linalowadanganya wengi. Gari linalala usiku kucha, asubuhi unatazama chini huoni hata tone, unajiambia hakuna tatizo. Injini ikizimwa, presha kwenye paipu inaisha na tundu dogo hunyamaza. Ukiwasha na kuondoka, linaanza kumwaga barabarani. Hozi ikipasuka kabisa, oili inayopita hapo ni lita kadhaa kwa dakika, na oili ya sampu inaweza kuisha kabla hujafika kituo cha mafuta kinachofuata. Zaidi ya hapo, oili hiyo ikirukia bomba la moshi lenye moto, gari linaweza kuwaka. Ukinusa oili inayoungua na kuona moshi unatoka chini ya boneti, paki pembeni na uzime injini kwanza. Maswali baadaye.

Kinachotoboa paipu si kimoja. Kwenye Toyota nyingi za zamani tunazoendesha, iwe Mark II, Noah au Prado ya umbo la 1996 hadi 2002, paipu zenyewe ni za chuma, na kwenye ncha za upande wa rejeta kuna vipande vifupi vya hozi ya mpira vinavyobanwa na klipu za springi. Mpira huo ukishapikwa na oili ya moto kwa miaka ishirini unakuwa mgumu kama mbao, unapasuka mipasuko midogo mdomoni, na klipu iliyolegea inauachia utokwe jasho la oili. Hapo ndipo pa kutazama kwanza. Chuma nacho huliwa na kutu. Gari lililoishi Tanga, Dar es Salaam au Mombasa limevuta hewa ya chumvi miaka yote. Na yapo yaliyotoka Japani yakiwa tayari yameumia, kwa sababu mikoa ya kaskazini kama Hokkaido humwaga dawa zenye chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hiyo hukaa chini ya gari. Kutu hupenda kuanzia chini ya breketi zinazoshikilia paipu, mahali ambapo tope hunasa na macho hayafiki.

Halafu kuna mtikisiko. Barabara ya vumbi yenye mawimbi hulegeza bolti za breketi, paipu ikaanza kusuguana na chesisi au na mwenzake hadi ukuta wake ukawa mwembamba kama karatasi. Mauntingi za injini zilizochoka huongeza balaa: injini inaruka kila unapokanyaga mafuta, rejeta imetulia palepale, na paipu iliyo katikati ndiyo inayovutwa. Ukibadilisha hozi ukaiacha mauntingi iliyokufa, hozi mpya itakwenda njia ileile.

Sasa utajuaje kwamba ni paipu, na si sili ya mbele ya giaboksi, gasketi ya sampu, au kitu kingine kabisa? Rangi nyekundu peke yake isikuaminishe. Pawa stelingi ya magari mengi ya Toyota hutumia oili ya aina hiyohiyo, nyekundu vilevile, na paipu zake ziko mbele pia. Kwa hiyo angalia kwanza kichupa cha pawa stelingi. Kama ndicho kinachopungua, tatizo lako ni jingine na ni rahisi zaidi. Kumbuka pia kwamba oili ya giaboksi iliyozeeka haibaki nyekundu. Inakuwa ya kahawia, na ikiwa imeungua inanuka hivyo.

Upepo wa safari hurudisha oili nyuma. Tundu likiwa karibu na rejeta, utakuta sampu ya giaboksi imelowa yote, na fundi mwenye haraka atakuambia gasketi imekwisha. Usikubali kufunguliwa kitu kabla ya kuosha. Osha chini ya gari kwa sabuni ya kuondolea grisi, suuza, acha pakauke. Ukiwa na poda ya watoto, nyunyiza kidogo kwenye viungo vya paipu na kwenye mdomo wa kila hozi. Endesha dakika ishirini hivi hadi gari lipate moto, rudi, paki mahali tambarare, P na breki ya mkono, tandika boksi lililokunjuliwa chini, na uache injini iwake huku ukimulika kwa tochi. Oili itaichora poda, nawe utaona mahali hasa inapoanzia. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo ya kushuku, maana oili hushuka na kwenda nyuma, haipandi. Usipapase kwa mkono huku injini inawaka. Feni iko karibu na oili ni ya moto.

Kabla hujatoka hapo, subiri injini ipoe kabisa, kisha fungua kifuniko cha rejeta utazame ndani. Hatua hii huku kwetu ina uzito zaidi kuliko kwingine, kwa sababu wengi tunajaza maji ya bomba badala ya kulanti, na maji hayo hula rejeta kutokea ndani. Kile chumba cha oili kikitoboka, oili na maji huchanganyika. Ukiona povu zito la waridi, mithili ya maziwa yaliyotiwa rangi, kwenye rejeta au kwenye stiki ya oili ya giaboksi, usiwashe gari tena. Maji yakifika kwenye diski za klachi za giaboksi hulegeza gundi inayoshikilia vitambaa vyake, na hapo kubadilisha paipu hakutasaidia. Kazi inakuwa rejeta mpya, kusafisha mfumo mzima, na kuomba fundi aliyebobea aamue kama giaboksi imepona. Rejeta ikiwa safi na stiki safi, shukuru, endelea na paipu.

Kwenye ununuzi ndipo kazi nzuri huharibikia. Hozi ya petroli, hozi ya maji, mpira wa gesi ya kupikia: vyote hivi nimeviona kwenye magari ya watu, na vyote vinashindwa kwa sababu havikutengenezwa kubeba oili hii katika joto hili. Hozi ya petroli ya kawaida ndiyo hatari zaidi kwa kuwa inafanana. Itakaa vizuri wiki kadhaa, kisha itakuwa ngumu na kuachia. Unachotaka ni hozi iliyoandikwa ubavuni kuwa ni ya kupozea oili ya giaboksi. Kiwango chake cha kimataifa ni SAE J1532, na hozi halali huwa imechapwa maandishi hayo. Ukiwa kwenye maduka ya spea ya Ilala jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, muombe muuzaji akukatie mbele yako kutoka kwenye rola, ili uyasome maandishi mwenyewe. Nenda na kipande cha zamani ulinganishe tundu lake. Ya milimita 8 na ya milimita 10 hukaribiana machoni, na iliyo kubwa kidogo tu haitabana hata uweke klipu tatu.

Klipu pia zina tabia. Zile za skrubu zenye matundu kwenye mkanda hukata mpira zikikazwa sana, na kila fundi hukaza sana. Tafuta zile zenye mkanda laini usio na matundu, zinazobana kwa bolti ndogo, ambazo hutumika kwenye hozi za petroli za injini za sindano. Au nunua klipu za springi mpya za saizi yake. Za zamani tupa, hata zikionekana nzima.

Na nunua za paipu zote mbili. Ya kwenda na ya kurudi zina umri mmoja, zimepita njia ileile. Iliyovuja leo imetangulia tu.

Kazi yenyewe haihitaji gereji kubwa, ila inahitaji usalama. Gari likiinuliwa liwekwe juu ya stendi imara, magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa mawe au kabari. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Acha oili ipoe. Weka beseni safi chini, na kila kinachotoka kihifadhi, maana utakipima.

Hozi ya zamani ikigoma kutoka, usiivute kwa koleo. Mdomo wa rejeta wa kupokea hozi hiyo ni mwembamba, na kwenye rejeta zenye tenki la plastiki ukiuvunja umenunua rejeta. Pasua hozi kwa kisu kwa urefu, polepole, bila kukwaruza chuma kilicho chini yake, kisha ichanue. Sugua kutu ya paipu kwa msasa laini, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Hozi mpya ipakwe oili kidogo ya giaboksi ndani ya mdomo, isukumwe hadi ipite kile kivimbe cha mwisho wa paipu kwa sentimita mbili na nusu au zaidi, na klipu ikae nyuma ya kivimbe. Ikikaa juu yake, itateleza.

Kama kiungo ni cha nati, chukua spana mbili. Moja inashikilia kiungo cha rejeta kisizunguke, nyingine ndiyo inayofungua nati ya paipu. Ukitumia moja utaikunja paipu au utakichana kile chumba cha oili ndani ya rejeta. Nati iliyoshikwa na kutu ipulizie mafuta ya kulegeza jana yake, na tumia spana ya nati za breki, ile inayokumbatia nati karibu pande zote. Mahali penye wosha za shaba au o-ringi weka mpya.

Tundu likiwa kwenye chuma, katikati ya paipu, una njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kuibadilisha paipu yote, ama ya dukani ama ya kukunjwa na fundi wa paipu za breki. Ukipata paipu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ichukue. Inakunjika kwa mkono, hailiwi na kutu, na pwani italizidi umri gari lenyewe. Shaba tupu ya mafriji nisingeishauri, kwa kuwa mtikisiko huifanya iwe ngumu na mwishowe hupasuka karibu na nati. Njia ya pili ni kukata sehemu iliyooza hadi ufikie chuma kizima pande zote mbili, na kuweka hozi katikati kwa klipu mbili kila upande. Hapa fundi asiruke hatua moja: ncha za paipu zilizokatwa lazima zitengenezewe kivimbe kwa kifaa cha kupanulia midomo ya paipu. Paipu iliyokatwa wima na kuachwa laini haina kinachozuia hozi kuchomoka, na itachomoka siku oili ikiwa na moto na wewe uko mlimani. Ncha zipigwe msasa ndani na nje, vumbi la chuma lifutwe kabisa, kwa sababu likirudi kwenye giaboksi linaingia kwenye valvu ndogo sana. Hozi ikae mbali na bomba la moshi na isining'inie. Ifungwe kwenye breketi yenye kipande cha mpira.

Kuchomelea paipu ikiwa bado kwenye gari nakukataza. Kuna oili ndani yake, tenki la mafuta haliko mbali, na ukuta wa paipu ni mwembamba kiasi kwamba umeme wa kuchomelea hutoboa zaidi ya ulivyoziba. Ikitolewa, ikaoshwa, ikazibwa kwa shaba ya gesi na fundi mwenye mkono mzuri, inaweza kufaa. Dawa za kuzuia kuvuja zinazomiminwa kwenye giaboksi hazina kazi hapa: zinavimbisha sili za mpira, na tundu la chuma halivimbi. Na kuna ile ya kuunganisha paipu mbili za giaboksi moja kwa nyingine na kuiruka rejeta, ambayo mafundi wengine huifanya na kumwambia mwenye gari aendelee tu. Gari linatembea, ni kweli, kwa sababu joto haliui siku hiyohiyo. Lipeleke gari hilo kwenye milima ya Kitonga au Sekenke likiwa na mzigo na oili itapikwa. Kama rejeta imekufa na huna ya kubadilisha, weka kipozeo cha oili cha kujitegemea mbele ya rejeta, mahali panapopata upepo. Hicho ni kifaa halali na kinafanya kazi vizuri.

Kujaza oili. Pima iliyotoka kwenye beseni, jumlisha makadirio ya iliyopotea barabarani, anza na kidogo pungufu ya hapo. Aina ya oili iamuliwe na kitabu cha gari au maandishi kwenye stiki: Toyota za miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili huandikwa Dexron au T-IV, zilizofuata huandikwa WS, na hizi hazichanganywi kwa kuwa tu zote ni nyekundu. Kwenye Toyota yenye stiki, pima gari likiwa tambarare, oili imepata moto, injini inawaka; pitisha lever kwenye gia zote taratibu, irudishe P, chomoa stiki, ifute, irudishe, isome upande ulioandikwa HOT. Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa punde tu. Gari lisilo na stiki, kama Toyota nyingi za WS, hupimwa kwa bolti ya chini ya giaboksi oili ikiwa na joto maalumu, kwa kawaida kati ya nyuzi 35 na 45, na hiyo mwachie fundi mwenye mashine ya kusoma joto. Kujaza kupita kiasi ni kosa sawa na kupunguza: oili ikizidi hupigwa povu, na povu halisukumi gia.

Oili chafu iliyotoka usiimwage mtaroni wala kwenye shina la mti. Itie kwenye galoni, ipeleke gereji au kituo kinachokusanya oili iliyotumika.

Ukimaliza, washa gari dakika kumi boksi likiwa chini, tazama viungo vyote, kisha endesha na urudi utazame tena. Baada ya kilomita mia mbili au tatu kaza klipu tena kidogo, maana mpira mpya hukaa ukizoea.

Kwa wanaosafiri mbali na miji, kwenye buti pakae nusu mita ya hozi sahihi, klipu nne, kisu, bisibisi na lita mbili za oili ya aina yake. Hozi ikipasuka mdomoni na ikawa na urefu wa ziada, kata kipande kibovu, irudishe, bana, ongeza oili, endelea taratibu. Vipande vya tyubu vilivyoviringishwa juu ya tundu vinaweza kukusogeza hadi kijiji cha karibu, lakini oili hulainisha tyubu na kuivimbisha, kwa hiyo usipange safari juu yake. Na kama oili imeisha na huna nyingine, usikubali kuvutwa kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini. Injini ikiwa imezimwa pampu haizunguki, hivyo giaboksi inazungushwa ikiwa kavu. Gari lipandishwe juu ya lori, au magurudumu hayo yainuliwe. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, fundi anaweza kufungua propela shafti hapohapo barabarani, bolti nne tu kwenye magari mengi, na gari likavutwa bila giaboksi kuguswa.